Jiwe Ndani ya Mashine ya Wifi Rogathe

Wifi yangu Rogathe hanunui kitu kabla hajakigeuza chini juu. Sufuria huigonga kwa kucha na kutega sikio. Kuku humpulizia manyoya aone ngozi. Suruali ya mtumba huinyanyua juani, na muuzaji akinuna humwambia, "Nuna tu, tundu halizibiki kwa kununa." Wanaomcheka hawakuwa naye kwenye foleni za duka la ushirika, miaka ile ambayo ukipewa kipande cha sabuni ulishukuru ukaondoka. Biashara ilipofunguliwa na maduka ya Same yakajaa vitu, wengine walifurahi kununua. Rogathe alifurahi kukataa.

Lakini mwaka huo hakuwa na nafasi ya kukataa sana. Vidole vyake vilikuwa vimevimba, na daktari alimwambia akiendelea kukamua nguo kwenye maji ya baridi, hatashika tena hata kijiko. Nyumbani kulikuwa na wajukuu wanne na mama mkwe wake, yaani mama yangu mzazi, asiyeinuka kitandani, ambaye shuka zake zilifuliwa kila siku. Mwana wa Rogathe, Fredrick, aliyekuwa akifanya kazi bandarini Tanga, akaahidi kumnunulia mashine ya kufulia. "Chagua mwenyewe, mama, itakayodumu," aliandika. "Sina uwezo wa mara ya pili."

Nikamsindikiza dukani kwa Omari, karibu na stendi. Omari alileta vitu vilivyotumika kutoka Dubai, na siku hiyo alikuwa na mashine mbili zenye mlango wa kioo kwa mbele.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ipi kati ya hizi itanizika?"

"Chukua hii nzito. Uzito ndio uimara."

Rogathe akaitikisa. Akafungua na kufunga mlango mara kumi na mbili, akanusa mpira wake, kisha akasema, "Sawa. Fungua mgongo."

"Mgongo?"

"Kwani wewe hununua ng'ombe bila kumshika nundu?"

Omari hakuwahi kuifungua. Akatafuta bisibisi. Bati la nyuma lilipotoka, tukaona bonge la saruji, kubwa kama kigoda, limefungwa kwa bolti.

"Jiwe!" Rogathe alipiga kelele hadi makondakta wakageuka. Huko Suji alikokulia, mtu aliyeficha jiwe kwenye gunia la kahawa ili mizani ipande, aibu yake ilirithiwa na wajukuu. "Kumbe ndio uimara wenyewe! Mwizi wewe!"

Watu wakajaa. Omari akatokwa jasho. "Wallahi, mama, hata mimi nimeuziwa hivi hivi." Akafungua na ya pili. Nayo ilikuwa na jiwe, ila dogo.

"Aliyeweka hili angalau ni mwizi mwenye haya," Rogathe akasema.

Mawe yakatolewa, yakatupwa mlangoni. Rogathe akaipenda ile ya kwanza kwa sababu chuma chake kilikuwa kinene, ila alitaka aione ikifua. Akatoa kwenye kapu alilokuja nalo shuka chafu za mama yangu, mbele ya stendi nzima. Nilitamani ardhi inimeze. Pipa la maji likapandishwa juu ya meza, mpira ukaunganishwa, mashine ikafua vizuri tu. Ilipofika kukamua ikatetemeka, ikaruka, ikaanza kutembea. Omari akaikumbatia, ikatembea naye.

"Simama wewe!" Rogathe aliifokea kama anavyofokea mbuzi.

Ilisimama kizingitini, waya ulipochomoka ukutani.

Mzee Eliakimu, fundi wa mashine ya kusaga unga, alikuwa hapo tangu mwanzo. "Mashine yangu nimeizika miguu kwenye saruji isitembee," alisema. "Hii imekuja na saruji yake tumboni. Ninyi mmeitupa."

"Na wewe ulikuwa wapi tulipokuwa tunalitoa?" Rogathe akamgeukia.

"Nilitaka kuona itafika wapi."

Watu wakaangua kicheko. Omari hakucheka. Alisema mashine haiuzwi tena kwa mtu aliyemwita mwizi mbele ya wateja wake, na akaanza kukunja mpira.

Duka lenye mashine kama hizo lilikuwa hilo moja, na Rogathe sijawahi kumsikia akiomba radhi. Siku aliyommwagia mchungaji chai ya moto, alisema kikombe kilikuwa na utelezi. Nikamnong'oneza, "Wifi, vidole."

Akavitazama. Kisha akapanda juu ya lile jiwe kubwa.

"Ndugu zangu, Omari si mwizi. Mimi ndiye sikujua."

"Sijasikia," akasema Omari.

"Umesikia. Wa nyuma ndio hawajasikia." Akapaza sauti. "Omari si mwizi! Nisamehe, baba."

Omari akaokota bisibisi. "Basi shuka, mama, tulirudishe."

Likafungwa, na mashine ikakamua ikiwa imetulia mahali pake. Rogathe akaomba irudie mara tatu, na mara ya tatu akaiwekea glasi ya maji juu. Hayakumwagika. "Hii," akasema.

Umeme ulipopatikana kesho yake, tuliketi mbele ya kile kioo tukitazama shuka zikizunguka. Mama akaita kutoka chumbani, "Rogathe, nani anafua huko?"

"Ni mimi, mama," akajibu, mikono yake ikiwa imekunjwa ndani ya khanga.