Mbao za Vidumu za Kabula

Nakumbuka mwaka tuliokula ugali wa unga wa njano, ule tuliouita yanga, na jioni tukitafuna viazi vikavu mpaka mataya yakauma. Nilikuwa bibi harusi hapa Usoke. Mama mkwe alikwisha kuyeyusha nta ya nyuki na kuichuja, akanikabidhi sufuria, akasema niiache ipoe yenyewe, kisha akaenda kisimani. Mimi, mwanangu, nilikuwa na kiherehere. Nilitaka arudi akute donge tayari, anisifu. Nikaimwagia sufuria maji baridi. Nta ikapasuka kama kisigino changu cha leo.

Hakunipiga. Alisema tu, "Umeharakisha, sasa iyeyushe upya. Na kuni utakata wewe." Nilizikata huku nalia.

Sikujua aibu ile ingenifaa uzeeni. Mjukuu wangu Kabula, fundi wa kuchomelea, alibuni mashine ya kugeuza plastiki mbovu kuwa mbao za madawati. Sanduku la chuma, moto chini, juu jeki kuukuu ya lori ya kukandamizia. Kinamama tulikusanya vidumu vilivyopasuka, tukaviosha, tukavikatakata. Vililainika humo vizuri, lakini kila ubao ulitoka umepinda kama ulimi wa ng'ombe.

Mwenyekiti wa kijiji, aliyetuazima chumba, akachoka. "Kabula, kesho nakuja. Ubao ukipinda tena, chumba kinarudi kuwa ghala la tumbaku."

Siku hiyohiyo nikamkuta Kabula anaimwagia mashine maji baridi ili atoe mbao nyingi kwa siku.

"Wee! Acha!" Nikamsimulia ile nta.

"Bibi, nyuki na mashine wapi na wapi?"

"Mashine siijui. Kitu kilichoyeyuka nakijua."

Alicheka, lakini ndoo akaiweka chini. Akachora mavumbini kwa kidole. Jioni alikuwa ameongeza boliti nne nene za kuubana ubao wakati unapoa. Mimi nikaleta magunia ya kuifunika mashine, isipigwe na upepo.

Kesho yake Mwenyekiti alifika mashine ingali ya moto. Spana nimeikalia.

"Shikamoo, Bibi. Fungua tuone."

"Marahaba. Sifungui mpaka ipoe."

"Bibi, nina kikao!"

"Kakae."

Alibaki. Alasiri nikashika chuma, kimepoa, nikampa Kabula spana. Ubao ukatoka umenyooka kama reli! Vigelegele vilitoa watu nyumba ya kumi. Mwenyekiti akauweka juu ya matofali, akaukalia na mwili wake wote ule, haukulia hata kidogo. "Chumba ni chenu," akasema. Leo watoto wa shule yetu wanaandikia juu ya vidumu, na mashine ile ni ya damu yangu. Najivuna, nani atanikataza?

Kwa hiyo, mwanangu, ukibuni kitu, kipe muda wa kupoa kama ulivyokipa moto. Na mzee asiyejua kusoma usimpite hivihivi. Muulize aliwahi kuharibu nini. Mungu aibariki mikono yako, ishike chuma isiungue, na unachokiunda kikaliwe na wajukuu zako.

Sasa niache. Wageni wa kutoka Lusu wamekuja kujifunza mashine, wako mlangoni wanadai spana, eti basi litawaacha. Nami nawajibu: Sifungui mpaka ipoe.