Vyombo vya Mama Kwenye Ukuta wa Kitisuru

Dada yangu alipobomoa jiko lake zuri la Kitisuru, Nairobi, ili ajenge jiko baya, nilidhani ni mimi sijaelewa. Mara nyingi huwa sielewi. Nimesoma mpaka darasa la nane. Yeye amesoma mpaka walimu wakaishiwa. Kwa hiyo nilinyamaza nikatazama fundi akibandua vigae vinavyong'aa na kupaka ukuta rangi ya moshi. Rangi ya moshi inauzwa dukani, kwenye kopo. Kwetu tulikuwa tunaipata bure.

Aliliita jiko la rastiki. Maana yake, alinieleza kwa upole, ni jiko linalofanana na la kijijini. Dari ni ya mbao zilizoliwa na wadudu, na bei yake ilipanda kwa sababu ya hao wadudu. Kwenye kona kuna meko ya mawe matatu, yameoshwa kwa sabuni, na kuwasha moto hapo ilikuwa marufuku, usije ukachafua rangi ya moshi. Chakula chenyewe hupikwa kwenye jiko lingine dogo la gesi huko nyuma, ambako wageni hawafiki. Hilo dogo ni kubwa kuliko chumba ninachopanga mtaa wa Mountain View. Lakini nisimwonee dada yangu: sijawahi kutoka kwake bila kufungiwa chakula, na hajawahi kunikumbusha.

Tena jiko halikuwa jambo lenyewe. Jambo lenyewe lilikuwa Mama. Tangu Baba afariki, Mama anaishi peke yake huko magharibi, na mwaka huu aliteleza mtoni akiwa na ndoo, akalala pale pale mpaka mpita njia akamwona. Dada yangu alitaka aje Krismasi asirudi tena. Hata mimi nilitaka, ila sina pa kumweka. Kitanda changu na cherehani yangu vinagusana. Basi jiko lilikuwa kama mtego. Mama angeingia, angeona vyombo vyake, angejisikia yuko kwake, angekaa. Niliona ni mpango wa busara. Naandika hivyo ili isije ikaonekana kwamba kuna kitu nilikijua mapema.

Vyombo vilitangulia. Dereva alitumwa akavichukua, na dada yangu akawaambia mafundi kwamba huo ni urithi wa familia. Kwa kawaida urithi hungoja mtu afe kwanza, lakini Kitisuru watu wana haraka zao. Hata hivyo aliomba vizuri, na Mama akatoa vyote bila swali. Hapo lazima nieleze. Dada yangu alipewa jina la nyanya yetu, yule aliyemzaa Mama. Kwa hiyo Mama humwita dada yangu "mama", na mtu hawezi kumkatalia mama yake. Mimi nilipewa jina la dada yake Baba, ambaye aliishi na Mama boma moja na hawakupendana hata siku moja. Mimi Mama huniita "wifi", na hunitendea hivyo hivyo.

Wiki ya Krismasi nilifunga kibanda changu cha kushonea huko mjini. Watu wetu wote walikuwa wanakimbilia nyumbani na magunia yao, na Mama peke yake ndiye aliyekuwa anakuja upande huu. Nikaenda kupamba.

"Hiyo jiwe ya kusagia weka hapo chini ya mti," dada yangu alisema akiwa juu ya ngazi.

"Nisagie nani?"

"Weka mishumaa juu yake."

"Kwa jiwe?"

"We weka tu. Si nilikuonyesha picha?"

Alikuwa amenionyesha. Lilikuwa jiko la wazungu mahali penye theluji, wametundika sufuria za nyanya yao wakazifunga utepe. Sufuria za nyanya yao zilikuwa za shaba. Zetu ni vyungu vyenye masizi, lakini utepe mwekundu haubagui. Tukatundika ungo ukiwa na shada la saiprasi katikati. Tukafunga miiko pamoja kama maua ya arusi. Koroboi iliyotengenezwa kwa kopo la kakao tukaiweka dirishani, bila mafuta, maana mafuta ya taa yananuka kama kijijini.

Taji la kazi yote lilikuwa chungu chenye matundu chini. Hicho Mama hukijaza majivu ya maganda ya maharagwe, humimina maji juu, na yale matone meusi yanayotoka chini ndiyo munyu wa kulainishia mboga. Sisi tulikigeuza kifudifudi, tukakining'iniza katikati ya dari, fundi wa umeme akaingiza balbu ndani. Mwanga ukatoka kwenye matundu kama nyota.

"Si hii ni ya munyu?" niliuliza.

"Najua ni ya munyu. Nani alikuwa anatumwa majivu, si ni mimi?"

Ni kweli, ni yeye. Wakati huo mimi nilikuwa bado nabebwa mgongoni. Na lazima niseme kilipendeza. Nilisimama chini yake nikaona mbao za dari zimejaa madoa ya mwanga, nikafikiri labda shule ina faida.

Mama alifika kesho yake na begi lake. Dada yangu alimwingiza jikoni amemziba macho kwa viganja, kisha akaviondoa. Mama alitazama ukuta, akatazama juu, akatazama ukuta tena. Kisha akanigeukia mimi.

"Wifi. Nani amekufa?"

"Hakuna mtu amekufa, Mama."

"Basi mbona vyombo vyangu vimeinuliwa?"

Kwetu mwanamke akifariki, vyombo vyake hufunikwa kifudifudi na kuinuliwa juu mpaka matanga yaishe na wagawane. Hilo tulilijua sote wawili. Tuliliona kwa macho nyanya alipofariki. Ila hakuna picha hata moja ya theluji iliyotukumbusha.

"Ni mapambo, Mama," dada yangu alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Ya Krismasi tu."

"Ni mazuri, mama," Mama alimjibu kwa adabu ya mtoto aliyelelewa vizuri. Akatoka, akaketi barazani na begi lake magotini, na siku hiyo jikoni hakuingia tena.

Jioni dada yangu alinituma nikaongee naye, kwa sababu mimi, alisema, ndiye Mama hugombana naye bila shida. Nikaenda.

"Mimi siwezi kubishana na mama yangu," Mama aliniambia. "Nitakula Krismasi yake vizuri, nitamshukuru. Halafu aniitie dereva."

"Uende wapi? Ukianguka tena?"

"Niende mahali bado niko hai. Wewe ulikuwa unashika ngazi, sivyo?"

"Nilikuwa napeana utepe."

"Hata yule mwingine ndivyo alivyokuwa," Mama alisema, akimaanisha wifi yake wa kweli. "Hakuwahi kufanya kitu. Alikuwa anapeana tu."

Nilipeleka maneno hayo kwa dada yangu, isipokuwa yale ya mwisho. Alikuwa anapanga sahani.

"Unajua hii kitu imenichukua muda gani? Nimealika watu. Wakishaenda nitavishusha vyote, naapa."

"Wakishaenda, naye atakuwa ameenda."

Alinitazama kama mtu ambaye kiti kimemjibu. Nami nilishangaa. Sina hakika kama nilikifikiria kile nilichosema au kilitoka tu.

Siku ya Krismasi wageni walikuja, majirani na watu wa ofisini kwake, wakazunguka jikoni wakisifu wadudu wa kwenye mbao. Bata mzinga aliletwa na gari, ameshapikwa. Mgeni mmoja alisimama chini ya chungu, akauliza hii taa ni ya enzi za nani. Dada yangu alifungua mdomo ili aeleze. Nilimwona, na alikuwa na maelezo mazuri tayari. Mlangoni Mama alikuwa amevaa viatu vya safari.

"Ni chungu cha mama yangu," dada yangu alisema. "Anakitumia."

Akavuta ngazi, akapanda na gauni lake la sherehe la rangi ya dhahabu, akafungua waya mwenyewe. Mgeni mmoja alipiga makofi akidhani ni sehemu ya sherehe. Dada yangu alishuka na chungu kifuani, gauni limejaa masizi, akakipeleka mlangoni.

Mama alikinusa. "Kinanuka waya," alisema.

"Nimekosea, Mama."

"Na vingine?"

Dada yangu akarudi kwenye ngazi. Safari hii mimi nilipokea, na wageni wakasogea ukutani kupisha ungo, miiko na jiwe la kusagia. Walikuwa watu wa heshima. Mmoja wao hata alibeba mishumaa. Mama alivua viatu, akaingia, akatoa majivu kwenye begi, maana hakuamini kwamba Nairobi kuna majivu, akaketi sakafuni akaanza kuchuja. Mboga za kienyeji, mito na mrenda, nilizikimbilia sokoni Kangemi. Moto uliwashwa kwenye yale mawe matatu, na moshi wa kweli ulipopita juu ya rangi ya moshi, tuliona wazi kwamba fundi alikosea rangi.

Nisiongeze chumvi: wageni wengi walikula bata mzinga. Mrenda uliwateleza mikononi wale waliojaribu, na matone ya munyu yaliacha doa jeusi kwenye kaunta ya mawe ambalo mpaka leo halijatoka. Walipokwisha kuondoka, dada yangu aliketi sakafuni karibu na Mama. Simu ilikuwa mkononi, namba ya dereva juu yake, anangoja aambiwe.

Mama alikuwa anakung'uta mfuko wa majivu.

"Mama," alimwambia dada yangu, "haya yameisha. Hapa kwenu maganda ya maharagwe huwa mnatupa wapi?"

"Gari la taka huyachukua."

"Waambie wasichukue tena."

Dada yangu alisema sawa, akaweka simu chini, kifudifudi.