Dole Gumba Kwenye Chokaa

Mkaguzi wa majumba ya kale hugonga ukuta kwa kifundo cha kidole, kisha hutega sikio kama mgeni anayesubiri kufunguliwa. Chokaa ikilia kama debe tupu, ujue imeachana na jiwe. Huipiga msalaba wa chaki ibanduliwe, hana simile. Juzi, kwenye chumba cha nyuma, alikuta alama ya dole gumba pembeni mwa dirisha. Marehemu mkewe, fundi chokaa, aliiacha kila alipomaliza ukuta. Akaigusa. Akagonga. Ukuta ukalia debe, hata mafundi mlangoni wakasikia.

"Tubandue, mzee?" akauliza msimamizi wao.

"Huu mzima," akasema, chaki ikabaki mfukoni. Halafu akagonga tena, polepole, akasubiri.