Pasi kwa Mkwe

Mchumba wangu na baba yangu mdogo walicheza mbele katika timu moja hapa Lubumbashi, na sifa yao kubwa ilikuwa matusi. Magoli walifunga, tena mengi, lakini watu wa mtaa wa Katuba waliwahi uwanjani ili wakae karibu na mstari na kusikia. Baba mdogo, mdogo wake baba wa tumbo moja, alikuwa mtu wa kifua kipana aliyesimama karibu na goli akingoja kazi imfuate. Mchumba wangu alikuwa mwembamba, mtu wa mbio na kuzungukazunguka. "Kabati, geuka!" alipiga kelele huyu. "Mbuzi, leta!" alijibu yule. Mimi nilikaa juu kwa sababu sipendi vumbi, na hata huko niliwasikia.

Nilikuwa nauza rangi kwenye kenkayeri, ndivyo tunavyoliita duka la misumari na saruji, na wateja wangu wote walikuwa makocha. Timu ya taifa iliumwa ugonjwa mmoja tu: haikuwa na washambuliaji wawili wanaoelewana. Waliitwa wanaocheza Ulaya, kila mmoja hodari akiwa peke yake, na wakiwekwa pamoja waligombea mpira mmoja kama watu wasiojuana. Mtu alikuja kununua kopo la rangi ya samawati, akaegemea meza, akapanga timu nzima, akaondoka bila rangi. Mwisho tukasikia kwamba kocha wa taifa anakuja Lubumbashi kuwatazama wawili wetu wakicheza mechi. Siku hiyo sikuuza kitu.

Jumapili iliyotangulia mechi hiyo, mchumba wangu alikuja nyumbani kujionyesha. Siku ilikuwa imepangwa zamani, shangazi alishafika kutoka Mitwaba, na hakuna aliyefikiria mpira. Wakubwa wake walileta kitenge na kuku jike mweupe, wakasema maneno yao, wetu wakapokea. Kuku alichinjwa jioni ile ile, tukamla na bukari, ugali wetu. Alikuwa mtamu, na hakuna aliyeona kwamba tulikuwa tunaila timu ya taifa.

Kwetu, mwanamume akishapokelewa hivyo, baba wote wa msichana ni wakwe zake, na mdogo wa baba ni baba kamili. Mkwe hapigiwi kelele. Hapewi mgongo, hasukumwi bega, hatazamwi usoni. Ukikutana naye unachutama, unapiga makofi taratibu, macho chini, unangoja akujibu. Ni heshima nzuri sana sebuleni.

Uwanjani ilikuwa aibu. Mchumba wangu alipata mpira mara ya kwanza, baba mdogo akiwa huru kabisa mbele ya goli, na badala ya kuupiga akasimama kama mtu aliyeingia chumba kisicho chake. Mara ya pili wote wawili waliufikia mpira pamoja. Mchumba wangu akarudi nyuma ili mkubwa apite, beki akauchukua. Hakuna aliyemwita mwenzake mbuzi wala kabati. Shangazi alikaa pembeni yangu, akitikisa kichwa kwa kuridhika.

"Ule kijana iko na adabu," aliniambia.

Kocha wa taifa, mgeni asiyejua mambo yetu, aliuliza kama hawa wawili wamegombana. Akasema atarudi mwisho wa mwezi kuwatazama mara moja tena, na basi.

Kesho yake baba mdogo aliingia kenkayeri, akajifanya anachagua brashi. Alikuwa akiniita mama tangu nilipozaliwa, kwa kuwa nilipewa jina la mama yake.

"Mama, niko na shida," alisema. "Ule bwana ananiogopa. Akipata mupira, anaomba ruhusa na macho. Na miye, namna gani nitatukana mukwe? Bantu bataniona mwenda wazimu."

"Sasa mutafanya nini, baba?"

"Haiko sisi. Iko weye. Useme bado. Turudishe kuku, bukwe ikufe. Kisha wakituchagua, atakuya mara ya pili."

"Kuku tulishakula."

"Tutauza ingine," alisema, maana kwetu kuuza ni kununua pia, na aliondoka bila brashi.

Nilifikiri usiku mmoja nikakubali. Sikuwa shujaa. Baba mdogo alikuwa amefika umri ambao mshambuliaji haitwi tena, na mchumba wangu alikuwa ameota jezi ile tangu utoto. Nilijua nikikataa watanisamehe wote wawili, na kwamba nitaishi na msamaha huo mezani kila siku. Kwa hiyo baba alinunua kuku mwingine, mweusi, kwa kuwa weupe hawakupatikana sokoni, akamrudisha pamoja na kitenge. Shangazi alipanda gari la Mitwaba bila kuniaga.

Mchumba wangu alinifuata kazini akiwa amembeba yule kuku kwapani. Wateja waliacha kupanga timu wakatutazama.

"Njo umekubali?" aliuliza, yaani ndivyo kweli.

"Njo nimekubali."

"Nitakuya naye tena. Huyu huyu."

"Basi, musimukule," nilisema.

Mwisho wa mwezi kocha alirudi, na matusi yalisikika mpaka barabarani. Kabati aligeuka, mbuzi alileta, wakafunga mawili kila mmoja, na jina la kila mmoja likasomwa redioni. Mtaa wetu uliimba. Nilicheza ngoma pamoja nao, kwa moyo wote, nikidhani mambo yangu yatafuata.

Hayakufuata. Walicheza mechi ya kwanza ya kufuzu wakashinda, ya pili wakashinda, na kila ushindi ulinisogeza mbali na ndoa yangu. Mchumba wangu alinipigia simu kutoka kambini, akaniambia habari za hoteli, za magoti yake, za wali usioiva vizuri. Habari za kuku hakunigusia. Baba mdogo akija nyumbani alikula haraka akaenda. Majirani walianza kuniita Mama Selekisio, yaani mama wa timu ya taifa, na mzee mmoja aliyenunua gundi kwangu alinishika mkono kwa upole akasema, "Mama, usituharibie. Ungojee kwanza tufuzu." Kisha tungengoja mashindano yenyewe, kisha yale yanayofuata. Niliumia, nasema wazi. Nilikuwa nimewakopesha wanaume wawili uchumba wangu, na nchi nzima ikawa inautumia.

Sikumwuliza mchumba wangu atamleta kuku lini. Kumwuliza kungekuwa kumchagulia, na nilitaka kujua angechagua nini.

Mechi ya mwisho ya kufuzu ilichezwa alasiri, ugenini. Umeme ulikuwepo, jambo ambalo mtaa ulilichukua kama dalili, na sebule ya baba ilijaa majirani mpaka mlangoni. Sare tu ilitutosha. Kipindi cha pili baba mdogo alimpa beki mgongo, akautelezesha mpira kwa kisigino bila kutazama, na mchumba wangu akaufunga. Sebule ilipasuka. Mama alinikumbatia, mtu akamwaga bia juu ya kitambaa cha meza.

Kwenye televisheni baba mdogo alikuja mbio, mikono wazi, kinywa kikitukana kwa furaha. Mchumba wangu hakumrukia. Alisimama hatua chache mbele yake, akachutama kwenye majani, akainamisha macho, akapiga makofi taratibu.

Mtangazaji alisema kijana anamshukuru Mungu.

Sebuleni hakuna aliyemwamini. Kila mtu aligeuka akanitazama. Kule uwanjani baba mdogo alibaki na mikono yake hewani, halafu akaishusha. Nilimwona akifikiri. Akapiga makofi mara chache, kama mkwe anavyojibu, na wakarudi katikati ya uwanja kila mmoja kwa njia yake.

"Anatuua," alisema jirani mmoja.

Baada ya hapo hawakupeana hata pasi moja. Mpira ukimfikia mchumba wangu aliutoa pembeni kwa adabu. Baba mdogo alisimama peke yake kama kabati kweli. Wapinzani walisawazisha. Wakaanza kuja kwa wingi, goli moja tu likitutenganisha na kukaa nyumbani, na kocha alionekana akipiga kelele ambazo hakuna aliyeweza kumtafsiria. Majirani walishika vichwa. Mimi nilikuwa nalia, na sijawahi kufurahia mpira mbaya kiasi kile.

Dakika za nyongeza zilikuwa zimeanza watu wa mlangoni waliposogea. Mama yake mchumba wangu aliingia, amevaa kitenge cha kanisani, jasho usoni, maana alikuja kwa miguu kutoka mtaa wa Kamalondo mara alipoona yale makofi. Kwapani alikuwa na yule kuku mweusi, sasa amenenepa.

"Mama, umungojeshe!" alinililia yule mzee wa gundi. "Match haiyaisha!"

Nilipiga magoti, nikampokea kuku kwa mikono miwili.