Ndoo ya Mwalimu Sora

Bi Shamimu wa Kimamba si mtu wa kubembeleza. Mumewe alipofariki alilima peke yake, akasomesha wanawe watatu kwa mpunga. Walipohama wote, akampokea Sora, mwalimu wa kujitolea kutoka Korea anayefundisha hisabati sekondari.

Wiki ya kwanza alimchemshia maji ya kuoga na kumfukuza jikoni. Wiki ya pili akamkuta analia chumbani.

"Mama, nimechoka kukaa tu kwenye kiti," Sora akasema.

Alfajiri Bi Shamimu alimgongea mlango, akampa ndoo, wakatoka pamoja.

Bombani wanawake waliisogeza ndoo ile upesi mbele ya foleni, kama adabu kwa mgeni inavyotaka. Mmoja akanong'ona kwa makusudi asikike, kwamba Shamimu siku hizi anatumikisha mgeni.

Bi Shamimu akaibeba ndoo, akairudisha mwisho kabisa.

"Mgeni wangu ameshaondoka," alisema. "Huyu ni mwanangu. Apange foleni kama mabinti zenu."

Sora akasimama nyuma ya ndoo yake, wa kumi na saba. Kimamba haijawahi kuona mtu akifurahia foleni ya maji namna ile.