Mrejesho wa Ijumaa

Kwenye kituo chetu cha afya hapa Mpuguso, ukirudi semina hupumzishwi. Ijumaa lazima utoe mrejesho: ulichofundishwa Mbeya utufundishe sisi tuliobaki, kwa mikono, siyo kwa maneno matupu. Na atakayechelewa ndiye analala kitandani kujifanya mjamzito. Jamani, kile kitanda nimejifungulia sana mimi!

Fundi wa mrejesho alikuwa mkunga mwenzangu, dada wa Tanga aliyepangiwa huku akalizwa na baridi yetu. Alikuwa anakutupia mwanasesere wa mafunzo, anasema, "Haya, mtoto katoka, hapumui. Fanya!" Ukimshika shingo vibaya anakuchapa kofi mkononi. "We mama, unanyonga kuku?" Tunacheka mpaka machozi, halafu tunarudia. Chai hainywewi mpaka kila mtu amepatia.

Akahamishiwa Dar, akawa mkufunzi. Mafunzo nayo yakahamia kwenye simu. Kila mtu na kona yake, spika masikioni, anajibu maswali, anapata cheti. Sikatai, ni rahisi, husafiri, na ukisahau unarudia. Lakini nakereka! Nilijaribu kuwaita wenzangu Ijumaa moja, wakaniambia, "Dada, si ipo kwenye simu?" Nikanywa chai peke yangu. Nimemkumbuka yule dada mpaka naona aibu kusema.

Mwezi uliopita mganga mfawidhi akatangaza mafunzo mapya ya wakunga, akataja na jina la mkufunzi. Ni yeye! Sikuuliza zaidi, nilikuwa nimeshapagawa. Nikapanda bodaboda hadi Kisondela kwa mama kuchukua ndizi, nikampikia mgeni wangu mbalaga na nyama, maana alikuwa hasikii la mtu mbele ya mbalaga. Siku yenyewe nikafika kazini na hotipoti kubwa, nimevaa sare mpya.

Mfawidhi akaitazama hotipoti, akanitazama na mimi. "Kwani hujafungua linki, dada? Ni video, ilisharekodiwa."

Nikajifungia chumba cha dawa na simu yangu. Alikuwa yeye kweli, amenenepa kidogo, amependeza. Alifundisha vizuri sana. Alipomaliza kuonyesha namna ya kumshika mtoto, akanitazama usoni.

"Kuna swali hapo?"

"Unakuja lini?" nikamuuliza, kwa sauti kabisa.

Akatabasamu. "Vizuri sana. Basi tuendelee."