Shavu la Kushoto la Dada wa Saluni

Dada wa saluni anapenda samawati kupita kiasi. Gauni lake la kazi ni la samawati, taulo zake vilevile, na balbu iliyo juu ya kiti cha wateja inatoa mwanga hafifu wa rangi hiyohiyo, ambao chini yake kila uso huonekana laini. Hampaki mteja krimu mpya kabla ya kuijaribu siku saba kwenye shavu lake mwenyewe la kushoto. "Kama ni kuharibika, liharibike langu, mdogo wangu," huniambia akicheka, mimi ninayeshinda kwenye benchi la saluni nikisoma. "Mimi nimeshaolewa."

Siku ya tatu ya krimu moja alinivuta hadi mlangoni, juani, akanigeuzia shavu. "Hebu niangalie. Humu ndani sioni kitu." Niliona vipele, vingi, vimeanza kuwiva. Lakini alikuwa ananitazama kwa matumaini mno, nikaona haya. "Hakuna kitu, dada." Akanikumbatia, akarudi ndani kujipaka tena.

Sasa baka jeusi limeshuka hadi kidevuni. Wateja wakimuuliza, hujibu kwa upole, "Uzembe wangu tu, jamani," nami nipo palepale kwenye benchi, nimeinamia kitabu.